Moshi wa Fundi Suruali

Kila jioni Fundi Suruali alifagia mabaki ya vitambaa na kuyachoma nyuma ya nyumba. Moshi mweusi uliingia chumbani kwa mama yake. Mama alikohoa mpaka akashika ukuta.

"Mume wangu, moshi huo utamuua mama," mkewe alisema.

"Sasa niyapeleke wapi? Ni taka tu!"

Fundi alikuwa hodari wa suruali, na hodari zaidi wa ubishi. Jirani yake, Mama Vitoto, alishona nguo za watoto. Aliwahi kuyaomba mabaki hayo. Fundi alimnyima, akidhani anataka kumwibia mitindo.

Siku moja mama yake Fundi alibanwa na pumzi. Wakamkimbiza zahanati.

"Nyumbani mnachoma nini?" muuguzi aliuliza.

"Vitambaa," Fundi alijibu, akainama.

"Vitambaa vingi vya siku hizi vina nyuzi za plastiki. Moshi wake ni sumu. Mkiendelea kuchoma, mama hatapona."

Fundi aliogopa sana. Alimeza kiburi chake, akaenda kwa jirani.

"Hodi! Nimekuletea mabaki."

"Leo jua limechomoza magharibi!" Mama Vitoto alicheka. "Karibu. Lakini vipande hivi ni vidogo mno, havitoshi hata mfuko wa shati. Tushirikiane kabla ya kukata. Tununue kitambaa pamoja, tutandaze karatasi zetu za vipimo juu yake. Suruali zako kwanza, kisha kaptura zangu kwenye nafasi zinazobaki."

"Na ukiniibia mitindo?"

"Nani atamvalisha mtoto mchanga suruali ya bwana harusi?"

Fundi akacheka, ubishi ukamwishia. Wakatandaza, wakageuza, wakabishana kidogo.

"Usiilaze kaptura hivyo," Fundi alisema. "Ukikata mshazari, itavutika."

"Hilo sikulijua. Asante, fundi."

Kitambaa kilekile kikatoa nguo nyingi zaidi. Vipande vidogo walimpa fundi makochi, akajazia mito. Moto wa nyuma ya nyumba ukazimwa moja kwa moja.

Wiki zikapita. Asubuhi moja sauti ilisikika kutoka jikoni.

"Nyumba ya fundi gani hii? Natafuta kitambaa cha kuepulia sufuria, sikioni! Hata kimoja! Mnataka niungue?"

Alikuwa mama, na hakukohoa hata mara moja. Fundi alisimamisha cherehani ili amsikie vizuri.