Daktari Fasta na Kiapo cha Mkewe

Jamani, nyumba ile ilikuwa na raha! Jioni baba anawasaidia watoto hesabu, mama anakaanga mayai, redio inaimba kwa sauti ya chini. Baba alikuwa daktari wa upasuaji, mkewe nesi wa chumba hichohicho cha upasuaji. Sisi majirani tulimwita Daktari Fasta, naye akacheka, akidhani tunamsifu. Kumbe haraka yote ile ilikuwa ya kuwahi zahanati yake binafsi, ng'ambo ya barabara.

Siku moja alimpasua mwanamke, akamwacha mezani jeraha likiwa wazi. "Mama watoto, malizia kushona," akasema, akavua glovu, huyoo! Mgonjwa akaanza kuvuja damu ndani. Daktari akapigiwa simu, lakini alipofika mwanamke alikuwa keshakata roho. Baraza la madaktari likamwita, likamsikiliza, kisha likamfutia leseni.

Akakata rufaa mahakamani. Nyumbani akambana mkewe.

"Wewe sema tu sikutoka mle ndani."

"Baba watoto, niape uongo?"

"Sasa unataka wanao wale nini?"

Masikini, akaapa. Alimwambia jaji kwamba mumewe hakubanduka pale mezani. Nilikuwepo mahakamani, nilimsikia kwa masikio yangu. Nilimhurumia, na hasira pia ilinipanda.

Ndipo akaitwa mume wa marehemu, fundi viatu.

"Mheshimiwa, nilikaa kwenye benchi mlangoni. Daktari alipotoka nikajua kamaliza. Nikamshika mkono, nikamwambia asante sana. Akanijibu, 'Usijali, mkeo yuko salama.'"

Wakili wa baraza akamgeukia daktari: "Ni kweli?"

Mnajua alijibu nini? "Nilimwachia nesi. Yeye ndiye aliyeshona."

Nesi! Hata kusema "mke wangu" kulimshinda.

Jaji akaamua kwamba baraza lilimsikiliza kwa haki, na leseni itabaki imefutwa. Mama watoto akachukuliwa na polisi kwa kiapo cha uongo. Alipopitishwa mbele ya mumewe, yule bwana alikuwa anamnong'oneza wakili wake kuhusu rufaa nyingine.

FUNZO

Ndugu zangu, daktari akishamlaza mtu mezani, huyo ndiye kazi yake. Pesa za zahanati zitasubiri. Nanyi wake, waume, ndugu: msimwapie mtu uongo kwa sababu mnampenda. Anayekusukuma uape ili apone, akibanwa atakutaja wewe kwanza. Watoto wale sasa wako kwa bibi yao, na wakiulizwa shuleni wazazi wao wanafanya kazi gani, wanainamisha vichwa.