Diski za Breki za Apollinaire

Mwizi huyu alikuwa na adabu zake. Aliiba diski za breki kwenye jeep ya mfanyabiashara Apollinaire, uani kwake Butembo, kisha akafunga nyingine mahali pake! Apollinaire alipokanyaga breki mteremkoni, usukani ulitetemeka mikononi mwake. Nusura aingie mtaroni.

"Banataka kuniua!" alifoka. Mlinzi wake Sadrack akatupwa mahabusu.

Inspekta Emérence, aliyehamishwa karibuni kutoka Beni, aliamuru magurudumu yafunguliwe. Diski alizozikuta zilikuwa zimelika, zina mabaka ya buluu: chuma kilichounguzwa na breki za miteremko mirefu. Akaegemeza rula. Zimepinda. Chuma cha moto kikimwagiwa maji baridi, hupinda. Lakini nani huosha gari kabla halijapoa? Dereva wa lori akifika hula kwanza. Mama huyu alikuwa na kichwa, jamani!

"Ni gari ya kubeba bagonjwa; damu inaoshwaka mbele ikauke," alisema, akaenda moja kwa moja kituo cha uzazi.

Ambulansi, jeep ya aina ile ile, ilikuwa imerudi sasa hivi. Dereva Mbusa aliimwagia maji, mvuke ukapanda magurudumuni, na nyuma ya rimu zikang'aa diski nzima.

"Papa Mbusa, hizi diski zinatoka wapi?"

"Ku soko."

"Soko gani?"

Mbusa aliendelea kumwaga maji.

"Sadrack iko mu cachot juu yazo. Muke wake analia ku mulango ya bureau ya polisi."

"Sadrack? Hapana! Ye hapana jua kitu. Ni mimi, mama inspecteur. Munifunge mimi."

"Juu ya nini uliiba?"

"Nilibeba mwanamuke mwenye mimba toka Kirumba. Volant ilitetemeka sana mu mikono yangu, nikaogopa, nikaenda polepole. Alikufia mu njia, na mutoto wake. Jina yake, Keren, niliisikia ku maziko. Na ile jeep ya Apollinaire inabebaka tu babibi-harusi!"

"Na Apollinaire angekufa?"

Mbusa aliinamisha kichwa. "Ile, sikuiwaza."

Emérence alimfunga pingu. Sheria ni sheria. Lakini moyoni alimheshimu mtu huyu kuliko wengi aliowapigia saluti. Alimpandisha garini, akafunga mlango, ndipo akamrudia Joyeuse, muuguzi aliyekuwa akitazama mlangoni pa kituo.

"Muache gari ipoe kwanza, mbele ya kuiosha," alinong'ona. "Maji baridi njo ilipindisha zile diski."

Joyeuse akaziba mdomo. "Lakini ni Papa Mbusa njo alikuwa anaoshaka!"

"Najua. Hapana mumwambie, hata siku moja."