Chumba cha Arobaini na Moja

Ilikuwa Jumatano ya kawaida, saa nne asubuhi, jua limejaa dirishani. Mtaalamu wa visukuku alimwaga chenga za mwamba kwenye sahani nyeusi, akainamia hadubini. Kati ya chenga hizo kulikuwa na magamba madogo kuliko punje ya chumvi, mabaki ya viumbe walioelea baharini mamilioni ya miaka iliyopita. Ukiijua aina ya gamba, unaujua umri wa tabaka lake.

Tabaka hili lilikuwa kazi ya mkewe. Kwa miaka miwili aliokota magamba kwa ncha ya brashi iliyoloweshwa ili yanase, akayagandisha kwa gundi kwenye slaidi yenye vyumba sitini, tundu la kila gamba likitazama juu. Chumba cha arobaini na moja tu kilibaki kitupu.

"Nimeliona leo, baba watoto," alimwambia mumewe jioni moja. "Limeniponyoka. Kesho nalikamata."

Kesho yake hakuamka.

Bila gamba hilo tabaka halikuwa na umri. Mume alilitafuta miezi saba.

"Shemeji, Ijumaa wanakuja kubeba mawe yote," fundi wa maabara, mdogo wa marehemu, alimwambia. "Na brashi uache kuilamba. Utameza bahari nzima."

"Mimi silambi. Dada yako ndiye aliyekuwa analamba."

"Mbona kila asubuhi naikuta imelowa?"

Mume aliifuta brashi, akainamia tena hadubini.

Ijumaa mume alifunga mlango wa maabara, akaenda kusaini karatasi za wabebaji. Ufunguo ulikuwa mfukoni mwake. Aliporudi, chumba cha arobaini na moja kilikuwa na gamba. Tundu lilitazama juu. Gundi ilikuwa mbichi.

Aliandika umri wa tabaka, na jina la mkewe juu ya lake. Kisha akaenda nyumbani na slaidi na brashi.

Jumamosi asubuhi brashi ilikuwa kavu. Jumapili, kavu. Nyumba ilikuwa kimya kuliko siku ya mazishi. Hapo akaelewa: mkewe alikuwa amemaliza kazi.

Jumapili hiyo mchana alifanya jambo ambalo angemfukuzia mwanafunzi. Alilibandua gamba, akalitia kichupani, akafunga kifuniko.

"Limeponyoka tena, mama watoto," alinong'ona.

Jumatatu aliamka mapema. Brashi ilikuwa imelowa. Chumba cha arobaini na moja kilikuwa kitupu. Kichupa kilikuwa kimefungwa, ndani hamna kitu.

Ndipo ulimi wake ulipogusa punje kwenye mdomo wa chini.

Lilikuwa gamba, limegandishwa hapo. Gundi bado mbichi.