Punje ya Dengu

Siku walipokutana, ukumbi wa mafundi wa kompyuta ulikuwa umefurika watu, na fundi mwenyewe alikuwa ameuma bisibisi mdomoni. Akainua macho: gauni la njano, raba nyeupe, na kompyuta imekumbatiwa kifuani kama mtoto mwenye homa.

"Inachemka, halafu inazima," alisema yule dada, mhariri wa video. "Nisaidie kaka yangu, ndiyo inayonilisha."

"Kaka tena? Leo sina bahati."

Dada akacheka. Fundi kwisha habari yake!

Kazi ilikuwa ndogo. Unafuta pesti ya kupitishia joto iliyokauka juu ya prosesa, unatia mpya katikati, kiasi cha punje ya dengu, kisha unakandamiza bamba la kupozea, lenyewe linaisambaza. Fundi aliijua hata usingizini. Lakini siku ile shetani alimshika mkono: akatia kichwa cha pini tu. Itapoa kidogo, itachemka tena, atarudi.

Akarudi kweli. Akarudi tena. Fundi akambandika jina la Mama Moto, na simu zikaanza.

"Mama Moto, mgonjwa anaendeleaje?"

"Mgonjwa yupi, mimi au kompyuta?"

"Yule aliyenikumbuka zaidi."

"Hebu nitokee hapa!" Lakini simu hakukata.

Kila alipomsikia akicheka, fundi alijiona mwizi. Aliapa kwamba akija tena atatia kiasi kamili. Akija, moyo unagoma.

Asubuhi moja dada akaingia macho mekundu. Kompyuta ilizima mbele ya bosi, katikati ya maonyesho, na kazi kubwa aliyoahidiwa akapewa mwingine.

"Kosa langu," alisema. "Ulinikataza kuiweka kitandani inakokosa hewa, na mimi naiweka. Usinigombeze, mpenzi."

Mpenzi! Neno alilolingoja kwa hamu, limekuja siku hiyo, tena kwa mtu asiyelistahili. Angeweza kunyamaza, atie pesti ya kutosha, amfute machozi, yaishe. Nani angejua? Akafungua mashine.

"Tazama. Hapa nilitia kidogo. Mara zote."

"Ulisahau?"

"Sikusahau. Nilitaka urudi."

Dada akamkodolea macho. "Ungesema 'njoo', ningekuja! Si nilikuwa nakuja, wewe?"

"Nisamehe."

"Mpigie bosi wangu. Sasa hivi, na uweke spika."

Akapiga. Akaeleza yote bila kujitetea, akatukanwa mbele ya foleni nzima. Mteja mmoja akachukua kompyuta yake mezani, akaondoka kimya. Dada akampokonya fundi bomba la pesti, akatia punje ya dengu mwenyewe, akakandamiza bamba, akafunga skrubu. Akaenda zake bila kuaga.

Fundi hakumpigia. Angempigia kwa uso gani? Alishinda akifuta prosesa za watu huku akijilaani, hadi mchana mmoja simu ikaita.

"Haichemki tena," alisema dada.

"Nashukuru."

"Bosi kanipa kazi nyingine. Wewe hataki hata kukusikia."

"Ana haki."

Fundi akaweka bisibisi chini.

"Basi huna tena sababu ya kuja huku," akasema.

"Nani kakwambia? Hasira bado ninazo, tena tele. Kesho nakuja nazo. Kompyuta naiacha nyumbani."