Buu Aliyepewa Maji

Jana mwanafunzi alikuwa ametia matone machache tu ya maji. Leo asubuhi kichupa kilikuwa kimejaa hadi shingoni, tena kilinuka kama kisima alimofia mbwa.

Mwanafunzi alikuwa akitunza wadudu wa majini waliokufa katika stoo ya makumbusho, kwa ajili ya utafiti wa shahada yake. Kazi yenyewe inachosha: kufungua vichupa, kuongeza spiriti, kubadili vizibo, na harufu haitoki kwenye kucha hata uoge vipi. Jana spiriti ilimwishia akiwa amebakiza kichupa kimoja kikavu, chenye buu wa kerengende aliyesinyaa kama ganda la tangawizi. Akachovya mrija wa kudondoshea katika chupa yake ya maji ya kunywa, akamdondoshea buu ili alainike. Akachovya tena mrija ule ule, uliokwisha kumgusa buu, katika chupa hiyo. Haraka haraka haina baraka, lakini nani huikumbuka methali hiyo saa ya kutoka kazini?

Sasa buu alikuwa amenona, mweupe, anateleza kwa ute, na taya zake zilikuwa zinatafuna.

"Mzee," alimwita mhifadhi wa makumbusho kwa kunong'ona, "hebu njoo uone."

Mhifadhi alitazama, akarudi nyuma mpaka akagonga kabati.

"Nani kampa maji?"

"Mimi. Kwani vipi?"

"Mwanangu, huyo tulimwacha akauke makusudi. Ni jini la chemchemi. Humwingia mtu kwa maji."

"Na hamkuniambia!"

"Tuliona haya. Wasomi wangetucheka." Akashusha sauti. "Chupa yako umeinywea?"

"Mimi hapana. Shemeji ndiye aliyeimaliza jana nyumbani. Akanitania, eti maji yangu yana ladha ya samaki."

"Basi kimbia. Mganga atalitoa, mradi tu mtu huyo asioge. Akijimwagia maji, limeshakua."

Alikimbia na koti la kazi mwilini, akipiga simu ya dada yake isiyopokelewa, akijilaani, akimkumbuka shemeji aliyemlea kama mdogo wake wa tumbo moja, mpaka akaingia ndani na kukuta sakafu inateleza, harufu ya tope imeganda ukutani, na dada yake amesimama kwenye mlango wa bafu, kaziba pua kwa khanga.

"Yumo humo tangu asubuhi," dada alinong'ona. "Hajibu. Nasikia anakunywa maji ya ndoo, gubu, gubu, gubu. Mdogo wangu, naogopa."

Wakausukuma mlango kwa mabega. Bafu lilikuwa tupu, kidirisha kiko wazi, na ute ulikuwa unachuruzika kutoka kingo zake kwenda nje.

Sakafuni palikuwa na kitu laini, kimepasuka mgongoni toka juu hadi chini. Mwanafunzi alikitambua mara moja. Mabuu wa kerengende huacha gamba la namna hiyo wanapokua. Akageuka kumzuia dada.

Dada yake alikuwa ameshainama kukiokota, akidhani ni nguo iliyolowa. Alikikung'uta, akakinyoosha kwa mikono miwili, ndipo alipoyaona masharubu ya mumewe.