Alichokiona Dada Viti Kwenye Kamera

"Nimesema hiyo ya bei kali siitaki! Nipe ya bei nafuu, ila isinidanganye."

Muuza kamera alirudisha boksi kwenye rafu taratibu. Mteja wake alikuwa dereva wa mbio za magari, na jina la Kona alipewa uwanjani kwa jinsi alivyokuwa akizikata kona bila woga. Lakini msimu huu mambo yalimgeuka. Mara mbili gari lilitoka nje ya njia, palepale kona ya tano, na mara zote mbili alishuka akifoka kwamba breki zimekataa. Aliyezifunga breki hizo ni fundi wa gari lake, kaka yake wa tumbo moja. Sasa ndugu hao hawasalimiani.

Pembeni yake alisimama mchumba wake, mshona viti vya magari ambaye wateja wote humwita Dada Viti. Harusi ilikuwa imebaki wiki tatu.

"Ndugu yangu, tusaidie," Dada Viti alisema. "Tunataka kumrekodi akiwa anaendesha, tujue tatizo liko wapi. Hawa ndugu wanamalizana."

"Basi sikilizeni. Maandishi makubwa kwenye boksi ni mbwembwe tu. Kwanza, picha isitetemeke, maana gari la mbio linatikisika kuliko mashine ya kusaga. Pili, iwe na tundu la kuchomeka kipaza sauti, la sivyo utasikia upepo mwanzo mwisho. Hii ya toleo la zamani kidogo ina vyote viwili, na bei yake ni nusu ya ile."

"Nitaibandika kwenye kioo cha mbele," Kona alisema.

"Ukifanya hivyo utaona barabara tu. Ifunge kwenye lile bomba la chuma nyuma ya viti, katikati. Hapo utaona barabara, usukani na mikono yako."

"Mikono yangu ya nini?"

"Si unataka kujua tatizo liko wapi?"

Kona alitupa pesa mezani, akageuka. Dada Viti akadhani ni hasira.

Simu ya Kona ilikuwa imeisha chaji, hivyo muuzaji akaiunganisha kamera na simu ya Dada Viti. "Ukizima kurekodi, video inajituma humu yenyewe," alimwambia. Kona alikuwa ameshatoka nje kuwasha gari.

Jumamosi asubuhi, siku ya mazoezi, Dada Viti aliifunga kamera kwa mikono yake. Alivuta mkanda kama anavyovuta uzi wa kiti, mpaka kamera ikagoma kabisa kucheza. Kaka, yule fundi wa breki, alikuwa amesimama mlangoni mwa gari, ovaroli imelowa mafuta.

"Shemeji, breki nimezikagua mara tatu," alisema kwa sauti ya chini. "Nimezijaribu mwenyewe leo."

"Nakuamini, shemeji. Leo tutajua."

Mzunguko wa kwanza ulikuwa safi. Wa pili pia. Wa tatu, gari lilifika kona ya tano na halikukata. Lilikwenda moja kwa moja kama limetumwa, likavuka majani na kujibamiza kwenye ukuta wa matairi.

Dada Viti hakumbuki alivyokimbia. Alipofika, kwanza aliinama ndani ya gari akaizima kamera, kisha akamshika Kona mabega.

"Umeumia? Niambie, umeumia?"

Kona alimsukuma pembeni, akamwelekea kaka yake.

"Breki tena! Unataka kuniua? Sema kama unataka kuniua!"

"Mdogo wangu, niangalie usoni..."

"Usiniite mdogo wako!"

Mwenye timu alifika akihema, akaangalia gari lililobonyea, akamnyooshea Kaka kidole.

"Fundi, kabidhi funguo. Gari langu hutaligusa tena."

Kaka hakubishana. Alivua ovaroli, akaikunja, akaiweka juu ya boksi la vifaa, akaondoka amebaki na fulana ya ndani.

"Jamani ngojeni, kamera imeona!" Dada Viti alipaza sauti.

Lakini Kona alikuwa ameshaifungua kamera garini. Alikuwa akibonyeza vitufe kwa haraka.

"Haijarekodi kitu," alisema. "Takataka tu hii."

Wakati huohuo simu ikatetemeka mfukoni mwa Dada Viti.

Aliitazama video ile karakanani kwake, amekaa juu ya kiti kisicho na ngozi. Aliona mzunguko wa kwanza, wa pili. Kisha kona ya tano ikaja. Mkono wa kulia wa Kona uliachia usukani. Ukaanza kufinyafinya kifua cha ovaroli, polepole, kama mtu anayetafuta kifungo gizani. Kichwa chake hakikugeuka. Injini iliendelea kunguruma bila kupungua. Gari halikupunguza mwendo hata kidogo, dalili kwamba breki haikuguswa. Kishindo kikafuata, halafu kimya. Na ndani ya kimya hicho sauti ya Kona, ya chini, ya mtu aliyepotea:

"Nimefikaje hapa?"

Dada Viti aliirudia tena na tena. Kisha akampigia.

"Njoo karakanani."

"Nimechoka, mpenzi."

"Video ninayo."

Alifika akiwa ameloa jasho. Hakukaa.

"Imeanza lini?" Dada Viti aliuliza.

"Nini?"

"Usinifanye mjinga. Huko kupotea kwako kumeanza lini?"

Kona aliegemea ukuta, akateleza mpaka chini.

"Daktari aliniambia miezi minne iliyopita. Ni kifafa. Si kile cha kuanguka, hiki napotea sekunde chache, halafu narudi. Alinipa dawa. Sijameza hata moja. Ukishazimeza unakuwa umekubali kwamba unaumwa."

"Miezi minne! Nimeshapima gauni, wazazi wameshakaa wakaongea, na wewe unajua na unanichekea tu?"

"Ungeniambia niache mbio."

"Ndiyo, ningekuambia!"

"Na bila gari mimi ni nani? Niambie. Nani?"

"Na kaka yako ni nani? Umemfukuzisha kazi kwa ugonjwa wako!"

Kona alifunika uso. Aliposema tena, sauti ilikuwa ya kuomba.

"Kesho kuna mbio. Gari la akiba lipo. Niache nikimbie hiyo moja tu, halafu nitasema kila kitu kwa kila mtu. Futa hiyo video. Kama unanipenda, futa."

"Na ukipotea tena kesho, ukamgonga mtu?"

Kona alijifuta uso. Alinyanyuka, akatoka.

Asubuhi iliyofuata meseji iliingia: "Niko uwanjani. Usije. Ukimwonyesha mtu hiyo video, sahau harusi."

Alimpigia mara tisa. Mara ya kumi simu ikawa imezimwa. Akampigia Kaka, na maneno yakamtoka yote kwa mkupuo mmoja, kilio na maelezo pamoja. Kaka alisikika akiwasha gari.

"Niko njiani, shemeji. Simama barabarani."

Walipofika, magari yalikuwa yameshapanga mstari na injini zinanguruma. Dada Viti aliwapita walinzi akampata msimamizi wa mashindano, akamtia simu mkononi.

"Dereva wa gari jekundu ni mgonjwa. Tazama hii, nakuomba, tazama sasa hivi."

"Wewe ni nani wake?"

"Mchumba wake. Mpaka dakika hii."

Msimamizi alitazama. Hakumaliza. Alinyanyua redio, na bendera ya kuanza ikaondolewa, mbio zikasitishwa.

Kona alitolewa garini mbele ya madereva wenzake wote. Alivua helmeti, akamwona Dada Viti, akamwona na kaka yake nyuma yake.

"Umeniua," alimwambia mchumba wake.

"Uko hai. Nichukie ukiwa hai."

Akampita kama anapita nguzo.

Siku kumi na moja hakupiga simu wala kujibu. Dada Viti alishona viti vikatoka vimepinda, akafumua, akashona tena.

"Mwanangu, watu wananiuliza kuhusu harusi," mama yake alimwambia. "Niwajibu nini?"

"Waambie sijui, mama. Nami nikijiuliza najijibu hivyo hivyo."

Siku ya kumi na mbili Kaka akapiga.

"Njoo gereji kwangu, shemeji. Sasa hivi."

Alimkuta Kona amekaa sakafuni, mgongo wake umeegemea magoti ya kaka yake. Alikuja kuomba msamaha, Kaka alieleza. Hajamaliza sentensi akapotea, mkono ukielekea kwenye feni ya injini inayozunguka. Kaka alimvuta kwa kola.

"Nimeshamwambia mwenye timu ukweli," Kona alisema bila kuinua macho. "Mbele ya mafundi wote. Kaka anarudi kazini. Lakini kwako sikujua niingilie wapi. Sikutaka unione hivi."

"Nimekuona," Dada Viti alisema, akapiga magoti kwenye mafuta na gauni lake la kazi. "Kwenye video ile nimekuona mara arobaini. Na leo nimeitwa, nimekuja mbio."

Kona alilia, na kaka yake akatazama pembeni akijifanya anatafuta spana.

Dawa alianza jioni hiyohiyo; kupotea kukapungua, ila hakukuisha. Harusi ikasogezwa miezi miwili, ikawa ndogo, ya ndugu na majirani. Kaka ndiye aliyemwendesha bwana harusi. Mfungishaji ndoa alipouliza kama anamkubali bibi harusi, Kona hakujibu. Macho yalitulia hewani, mkono ukaanza kufinya kifungo cha koti. Minong'ono ikaanza ukumbini, mama wa bibi harusi akashika kichwa. Dada Viti alimshika mkono ule, akautuliza ndani ya wake, akasubiri. Sekunde moja, mbili, tano, saba.

Kona alipepesa macho. Akamtazama.

"Nimeulizwa nini?"

"Kama unanitaka."

"Swali gani hilo!" alisema kwa sauti iliyofika mpaka mlangoni. "Namtaka!"

Ukumbi ukalipuka kwa vigelegele.