Mashine Iliyotaja Njia ya Bahati

Mwaka wa 1979, kompyuta ya ofisi moja ya mbegu pale Nakuru ilikuwa na adabu yake: ukiiamuru cd ikuhamishe kutoka saraka moja ya faili hadi nyingine, ilikuhamisha ikanyamaza. Kwa hiyo ilipochapa yenyewe kwenye karatasi /nakuru/stesheni, karani Wamaitha alidhani amekosea. Saraka ya jina hilo haikuwepo.

Akahamia ya ngano. Taipu zikagonga: /nakuru/sokoni. Akahamia ya mahindi: /bahati/barabarani. Karatasi ikaanza kunuka nywele zilizoungua. Wamaitha aliisoma tena, maana Bahati ndiko alikomwacha bintiye Zeddy, wa miaka mitatu, na mama mkwe.

Kwa hofu akafanya jambo ambalo karani yeyote wa mashine angefanya: kila amri akaimalizia na > /dev/null, shimo la kutupia maneno yasiyotakiwa. Kimya. Akaendelea na kazi, moyo ukatulia kidogo.

Saa tisa alasiri fundi Shabir alikuja, akasoma karatasi, akasawijika.

"Nani amenyamazisha hii?"

"Ni mimi, fundi. Ilikuwa inanitisha."

"Mama Zeddy," alinong'ona, "hiki kitu hakitembei chenyewe. Ukihama, nacho kinapiga hatua. Kilikuwa kinataja kimefika wapi. Umehama mara ngapi tangu kinyamaze?"

"Kama thelathini."

Shabir aliandika pwd, amri ya kuuliza ulipo bila kuhama, na taipu zikagonga polepole, herufi baada ya herufi, huku Wamaitha akizisoma kabla hazijakauka wino na kumwomba Mungu kila moja iwe ya mwisho: /bahati/nyumbani/jikoni/zeddy.

"Limemwingia," Wamaitha alisema. "Limemwingia mtoto wangu!"

"Lihamishe! Taja jina lolote, litaenda."

"Jina la mtoto wa nani, fundi?"



Wamaitha alijifuta machozi, akavuta kiti. Hakuongeza lile shimo safari hii, alitaka kusikia. Akaandika cd, kisha jina lake mwenyewe, akabonyeza.

Wakasubiri taipu zigonge. Hazikugonga. Kinywa chake ndicho kilichofunguka, bila yeye kutaka, kikasema kwa sauti ya mwanamume mzee: "Nimefika."